Herufi Mwenyeji, Picha Mgeni

Katika mambo yanayohusu maandishi ya Kiswahili ya zama hizi, ambayo sehemu kubwa yake husomwa juu ya kioo cha simu kuliko juu ya karatasi, limezuka tendo moja ambalo wengi hulitenda pasipo kulifikiri na wachache mno hulikemea. Tendo hilo ni kuyafunga maneno ndani ya picha. Tangazo la mkutano, majina ya waliofaulu, ratiba ya mitihani, bei ya mbolea, taarifa ya msiba, shairi la sifa, hata maelezo ya sheria mpya, huandikwa kwa mashine vizuri, kisha hugeuzwa kuwa picha, na picha hiyo ndiyo itundikwayo katika ukurasa wa tovuti. Mtazamaji huona maneno. Lakini ukurasani hamna neno hata moja. Zimo nukta nyeusi na nukta nyeupe zilizopangwa kwa mfano wa maneno, kama vile kivuli cha mkate kilivyo mfano wa mkate, na mwenye njaa akikinyoshea mkono harudi na tonge.

Wapo wasemao kwamba jambo hili ni dogo, na ya kuwa aliyeona amekwisha kusoma, basi ugomvi wa nini? Jibu lataka kwanza kueleza herufi ni kitu gani ndani ya mashine. Herufi iliyoandikwa kwa njia iliyo sawa ni namba iliyokubaliwa ulimwengu mzima: a ndogo ni 97, k ndogo ni 107, na kadhalika. Kwa kuwa ni namba, mashine huijua popote iendapo. Yaweza kuikuza au kuipunguza, kuitafuta kati ya mamilioni ya wenzake, kuitamka kwa sauti, kuinakili, kuibadilisha rangi kwa ajili ya macho yasiyostahimili mwanga, na kuishusha mstari wa chini pale upana wa kioo unapokwisha. Picha ya herufi haina hata moja katika sifa hizo. Picha haijui kuwa imebeba tangazo. Haijui tofauti baina ya jina la mtu na doa la chai.

Achukuliwe mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu, naye ni mtu wa kawaida kabisa katika kila mtaa. Akifungua ukurasa wenye herufi za kweli, huzikuza mpaka zimtoshe, na mistari hujipanga upya ndani ya kioo chake. Husoma kutoka juu kwenda chini kama asomaye kitabu. Akifungua picha ya barua, akiikuza, nusu ya kila mstari hutoka nje ya kioo. Yampasa aivute kushoto asome mwisho wa mstari wa kwanza, airudishe kulia autafute mwanzo wa mstari wa pili, aivute tena, na hivyo hivyo mistari 30. Katikati ya safari hiyo hupoteza mstari. Mwishowe humwita mjukuu amsomee. Barua ilikuwa yake, pengine ina siri yake, na sasa yasomwa kwa sauti barazani.

Hali ya asiyeona kabisa ni nzito zaidi. Zipo programu zisomazo kioo kwa sauti; mojawapo, iitwayo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na sauti ya Kiswahili si jambo geni tena katika mashine za namna hiyo. Programu hiyo ikifika penye herufi husoma. Ikifika penye picha ambayo mwenye kuiweka hakuiandikia maelezo, husema tu kwamba hapa pana picha, ikaendelea mbele. Basi mwanafunzi asiyeona aliyetaka kujua kama jina lake limo katika orodha hupata jawabu hilo: hapa pana picha. Mkutano wa ulimwengu uwekao kanuni za wavuti, W3C, ulitoa mwaka 2008 mwongozo wake wa pili wa kurasa zinazofikika na watu wote, na ndani yake umo mkazo kwamba maneno yasiwekwe kwa sura ya picha ikiwa yaweza kuwekwa kwa herufi. Mwongozo huo umekwisha pita miaka mingi. Hauwezi kuitwa habari mpya kwa mtu ambaye kazi yake ya mshahara ni kutengeneza kurasa.

Kisha iko gharama. Hesabu yake ni nyepesi na yeyote aweza kuifanya. Neno la Kiswahili, likichanganywa fupi na refu pamoja na nafasi ilifuatayo, huchukua kadiri ya herufi saba. Na kila herufi ya Kirumi katika Kiswahili huchukua baiti moja. Makala ya maneno 2,500, kwa hiyo, ni kilobaiti 17 na ushei. Picha moja iliyotoka katika simu ya leo bila ya kupunguzwa hupita megabaiti 2 kwa urahisi. Ndiyo kusema, anayetoa tangazo la maneno 100 kwa picha ya namna hiyo humtoza msomaji gharama ya kusoma makala zaidi ya 100 zenye urefu uliotajwa. Katika nchi ambamo watu wengi hununua intaneti kidogo kidogo, kwa siku au kwa wiki, kodi hii hulipwa na mnyonge, na atozaye hata habari hana.

Lakini kwa wasomaji wa jarida la chuo, hasara iliyo kubwa kupita zote huenda ikawa ile isiyolalamikiwa na mtu. Lugha huchunguzwa kwa maandishi yake. Kamusi za sasa hutungwa kwa kuangalia maneno yalivyotumika kweli, na hazina za matini, kama ile ya Kiswahili iliyokusanywa katika Chuo Kikuu cha Helsinki, hujengwa kwa maandishi ambayo mashine yaweza kuyasoma. Neno lililofungwa katika picha halimo katika hazina yoyote. Mtu akitafuta baada ya miaka 20 ni lini neno fulani la kilimo au la sheria lilianza kutumika katika matangazo ya wilaya, atakuta pengo, na pengo hilo atalifasiri vibaya: atasema Waswahili hawakuwa na neno. Walikuwa nalo, ila walilipiga picha. Ni kweli zipo mashine zikisiazo herufi zilizomo katika picha, tena zazidi kuwa hodari; hata hivyo kukisia si kusoma, na picha iliyokunjamana, yenye kivuli cha mkono wa mpigaji juu yake, hutoa makisio ya kuchekesha. Lugha ambayo tayari ina maandishi machache katika wavuti kuliko inavyostahili kwa wingi wa wasemaji wake haina ziada ya kutupa.

Wenye kulitetea tendo hili wana hoja, na si haki kuzipita kimya. Hoja ya kwanza ni ya muhuri. Barua ya ofisi, wasema, huaminika kwa nembo yake juu na sahihi na muhuri chini. Ikiandikwa upya kwa herufi tupu, nani ataiamini? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama muhuri uliomo katika picha ungekuwa mgumu kughushi. Sivyo ulivyo. Mtu mwenye simu ya kawaida aweza kuuchukua muhuri wa barua hii na kuubandika juu ya barua ile kabla chai yake haijapoa, na matapeli hufanya hivyo kila siku kwa kuwa wamekwisha kujua kwamba watu huamini sura. Kinachothibitisha tangazo la mtandaoni ni mahali lilipotoka, yaani tovuti ya ofisi yenyewe, ambayo anwani yake yajulikana. Picha ya muhuri huwazoeza watu kuamini kile hasa ambacho tapeli hukitengeneza vizuri zaidi.

Hoja ya pili ni ya historia, nayo ilikuwa kweli kwa muda. Tovuti ya kwanza, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee huko CERN na kuifungua mwaka 1991, ilikuwa na maneno na viungo tu. Mwanzoni mwa 1993 Marc Andreessen, aliyekuwa akitengeneza programu ya Mosaic, alipendekeza alama ya kuingiza picha ndani ya ukurasa, na picha zikaingia kwa vishindo. Mchoraji wa kurasa wa siku zile hakuwa na uchaguzi wa mitindo ya herufi. Alipaswa kutumia ile michache iliyokuwamo katika mashine ya msomaji. Mwaka 1996 zilitolewa Verdana na Georgia, mitindo miwili iliyochorwa na Matthew Carter mahsusi kwa ajili ya kioo cha kompyuta, nazo zilikuwa faraja kubwa. Lakini aliyetaka kichwa cha habari chenye herufi za aina nyingine hakuwa na njia ila kukichora kama picha. Dhiki hiyo ilikwisha tangu karibu mwaka 2010, pale programu za kufungulia kurasa zilipoanza kwa jumla kukubali kuletewa mtindo wa herufi pamoja na ukurasa wenyewe. Hata Kiswahili cha hati za Kiarabu, ambacho herufi zake huungana na hubeba irabu juu na chini, kwa sasa chaweza kuandikwa kwa herufi za kweli. Udhuru umekufa, ila desturi iliyozaliwa na udhuru huo yaishi kama mjane asiyejua habari.

Hoja ya tatu ndiyo tamu, nayo ni ya kanga. Husemwa: Waswahili wenyewe, kabla ya kompyuta kuzaliwa, waliweka maneno ndani ya picha, wakayavaa, na hapana aliyelalamika. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na jina limechapwa katika nguo ile ile pamoja na korosho na maua. Je, kuna ukurasa uliopangwa vizuri kuliko huo?

Hapana, au ni vigumu kuupata. Ndiyo sababu yafaa kuutazama kwa makini badala ya kuutaja na kukimbia. Pindo huzunguka pande zote nne na kazi yake ni ile ile ya pambizo katika kitabu: kulizuia jicho lisimwagike. Mji hubeba picha. Jina huwekwa mahali pamoja pasipobadilika, katikati, juu kidogo ya pindo la chini, aghalabu ndani ya kisanduku chake chenyewe ambamo maua hayaruhusiwi kuingia. Nguo ikivaliwa jina huangukia pale ambapo apitaye nyuma hulisoma. Herufi ni kubwa, rangi yake yapingana na rangi iliyo chini yake, na maneno hayazidi mstari mmoja. Tangu kanga zilipoanza kuandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye zilipohamia hati za Kirumi, kanuni hiyo ya kisanduku haikuvunjwa. Mchoraji wa kanga asiye na cheti chochote alijua kwamba ua likipita juu ya herufi, jina limekufa na nguo haitauzwa.

Sasa na walinganishe wenyewe. Tangazo la leo huwekwa juu ya picha ya machweo ya jua, herufi nyeupe juu ya mawingu meupe, nembo tatu kila moja katika pembe yake, picha ya kiongozi anayecheka upande wa kulia, na maneno 200 yaliyobanwa katika nafasi iliyobaki. Pindo hakuna. Kisanduku hakuna. Aliyefanya hivyo hana haki ya kuiita kanga shahidi wake, kwa maana kanga yamshitaki. Isitoshe, kanga ni nguo. Hapana aitafutaye kwa mashine, hapana autakaye mstari wake usomwe kwa sauti gizani, na jina lake huishia maneno matano au sita ambayo mtaa mzima huyahifadhi kabla ya jioni. Alichukuaye kanga kuwa kielelezo cha kichwa cha habari amepata mwalimu mzuri. Aichukuaye kuwa kielelezo cha taarifa ya kurasa mbili amefanya kama mtu anayetaka kuandika wasia juu ya kofia.

Hoja ya nne hutoka kwa washairi, na ndiyo pekee yenye uchungu wa kweli. Mshairi hulipiga picha shairi lake kwa sababu akiliandika kwa herufi, simu hulivunja. Shairi la mizani 16 lina vipande viwili, ukwapi na utao, na mstari wake hufika herufi 35 hadi 40, ambao ni ukingo hasa wa kioo cha simu. Msomaji akikuza herufi kidogo tu, neno la mwisho huanguka mstari wa chini, na kina kilichotungwa kwa jasho huonekana kikining'inia peke yake kama ndala iliyosahauliwa mlangoni. Mshairi akiona hivyo hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Kwake umbo la ubeti ni sehemu ya maana.

Walakini historia ya ushairi wenyewe yaonyesha kwamba umbo hilo limepata kubadilika bila ya shairi kufa. Katika miswada ya zamani ya hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi wenye vipande vinne aghalabu uliandikwa katika mstari mmoja mrefu, vipande vikitengwa kwa alama ndogo, hata kina cha mwisho cha kila ubeti kikashuka upande mmoja wa ukurasa kama uzi wa tasbihi. Jicho liliiona bahari ya utenzi kabla ya kusoma. Wahariri waliouhamishia katika hati za Kirumi walivikata vipande na kuviweka kimoja chini ya kingine, mistari minne mifupi. Ukurasa ukawa mwembamba, na nusu ya karatasi ikabaki nyeupe. Wakati huo yaweza kusemwa ilikuwa hasara. Kumbe walikuwa wakiupangia utenzi makao ya miaka mingi ijayo, kwa maana kipande cha mizani minane hakifiki herufi 20, na kioo cha simu chakipokea bila ya kukivunja hata kwa mzee aliyekuza herufi mara mbili. Shairi la mizani 16 lahitaji busara hiyo hiyo: mpangaji aweza kuiagiza mashine kwamba mstari ukikosa nafasi ukatwe baina ya ukwapi na utao, si mahali pengine popote, na utao uingizwe ndani kidogo ili msomaji ajue kuwa ni mstari mmoja. Maagizo hayo ni mistari michache ya msimbo. Ikiwa mshairi hayajui, ni kazi ya mwenye tovuti kumfanyia.

Yaliyosemwa mpaka hapa yasichukuliwe kuwa ni vita juu ya picha. Liko kundi jingine, dogo lakini lenye majivuno, ambalo huhesabu ukurasa usio na picha kuwa dalili ya elimu, na ukavu kuwa heshima. Kundi hilo lakosea pia. Makala juu ya mlango wa kuchonga wa Zanzibar isiyo na picha ya mlango ni ubahili. Maelezo ya njia ya kupandikiza mwembe bila ya mchoro humtesa msomaji kwa aya tatu ambazo jicho lingezimaliza kwa mara moja. Na ramani haina mbadala wa maneno. Mgeni hupokewa siku mbili, na ya tatu hupewa jembe. Picha nayo na ipewe jembe: iulizwe imekuja kulima nini. Ile inayoonyesha kitu ambacho maneno hayawezi kukionyesha, au huweza kwa taabu, ikae, tena ikae mahali pa heshima, karibu na aya inayoihusu, ikiwa imepunguzwa uzito na kuandikiwa maelezo kwa ajili ya wasioiona. Ile iliyokuja kujaza nafasi, kama vile picha ya mikono inayopeana salamu juu ya makala ya uchumi, au kalamu na kitabu juu ya makala ya elimu, irudishwe kwao. Picha hizo za kununuliwa, ambazo watu waliomo hawakupata kufika mahali pasemwapo, huchosha zaidi ya ukurasa mtupu, kwani humfunza msomaji kuziruka picha zote, na siku ikija picha yenye habari huirukia hiyo nayo.

Tena herufi zikisha kombolewa kutoka katika picha, si kwamba zimefika salama. Kurasa nyingi za Kiswahili hupangwa kwa vielelezo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na ukubwa wa neno la Kiswahili haukuulizwa. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha 1992 juu ya sanaa ya herufi, alitaja herufi 45 hadi 75 kuwa urefu wa kuridhisha wa mstari wa kitabu chenye safu moja. Mstari wa herufi 66 wa Kiingereza huchukua maneno 11 hivi. Wa Kiswahili huchukua tisa. Katika simu, penye herufi 40, Kiswahili hubaki na maneno matano au sita. Mpangaji akishikilia kusawazisha pande zote mbili za safu, kwa kuwa ameona magazeti yakifanya hivyo, matatizo huanza. Neno kama hawakutufahamisha lina herufi 17. Likikuta zimebaki nafasi 16 huteremka chini zima, na zile nafasi 16 zisizo na kitu yapasa zigawanywe katika mianya mitatu iliyobaki, kila mmoja ukapanuka kwa zaidi ya herufi tano. Mstari huo hauonekani kuwa sentensi. Huonekana kama meno ya mtoto wa miaka saba. Dawa ni rahisi: upande wa kulia uachwe bila kusawazishwa. Mwongozo wa W3C uliotajwa, katika daraja lake la juu, hukataza kusawazisha huko, na huweka herufi 80 kuwa ukomo wa mstari. Lakini hata pasingekuwa na mwongozo, macho yangetosha kuwa mwalimu.

Wengine hutibu mianya kwa kuyakata maneno kwa kistari, na hapo huingia kosa jingine la kuazima. Silabi ya Kiswahili huishia katika irabu, ila katika maneno ya kupokewa kama labda na maktaba, na katika m ile ijitegemeayo. Kwamba hukatwa kwa-mba, shinda, shi-nda, nyumba, nyu-mba. Mashine iliyofundishwa Kiingereza huandika kwam-ba, shin-da na nyum-ba, na msomaji hujikwaa pasipo kujua alichokanyaga. Nayo ng' hupata taabu yake. Programu nyingine zikuzazo herufi ya kwanza ya kila neno katika vichwa vya habari hudhani kwamba baada ya kile kidokezo pameanza neno jipya, na ng'ombe hutoka Ng'Ombe, mnyama ambaye hakupata kuchungwa na mtu.

Juu ya sura ya herufi zenyewe yatosha neno moja. Katika mitindo iliyofuata njia ya Futura, aliyoitoa Paul Renner mwaka 1927, a ndogo ni duara lenye kijiti ubavuni, na kwa ukubwa mdogo hukaribiana mno na o. Kiingereza chaweza kustahimili hayo. Katika Kiswahili a hukaribia kuwa herufi moja katika kila tano, na baina ya a na o hukaa tofauti za maana zisizohesabika: kosa na kasa, choka na chaka. Uchaguzi wa mtindo wa herufi kwa matini ndefu ya Kiswahili ungeanza kwa kutazama a yake, kisha mengine. Na rangi yake iwe nyeusi, au karibu na nyeusi. Ile ya majivu iliyopendwa na wachoraji kwa kuwa ni laini husomeka vizuri ofisini penye kivuli, na hupotea kabisa stendi ya basi saa saba mchana. Kiasi kilichowekwa na mwongozo ni uwiano wa 4.5 kwa 1 baina ya herufi na mahali ilipoandikwa, na hicho ni kiwango cha chini.

Mchoraji huenda akasema kwamba kwa masharti yote haya sanaa yake imefungwa kamba. Na awatazame waliotangulia. Beatrice Warde, katika hotuba yake ya London mwaka 1930, aliifananisha chapa njema na bilauri ya kioo safi ionyeshayo kilichomo, na chapa ya majivuno na kikombe cha dhahabu. Alipunguza mno, hata bilauri ina umbo, na mkono huijua. Lakini waliomwasi hawakufika mbali kuliko yeye. David Carson, mpangaji wa gazeti la Ray Gun la Marekani, mwaka 1994 aliyapanga mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry kwa alama za Zapf Dingbats, ambazo ni nyota na mishale badala ya herufi, kwa kuwa aliyaona ya kuchosha. Ulikuwa mzaha wa kukumbukwa, na mzaha hauna sharti la kurudiwa. Jan Tschichold naye, ambaye kitabu chake cha 1928 kilikuwa tangazo la mapinduzi dhidi ya kurasa za kale, ndiye aliyekwenda Uingereza mwaka 1947 kuvipanga vitabu vya bei nafuu vya Penguin, na huko alitunga kanuni fupi za kupanga chapa ambazo zahusu mambo madogo kabisa: nafasi baina ya maneno, mwanzo wa aya, mahali pa nukta. Vitabu hivyo viliuzwa kwa watu wa kawaida, nao walivisoma.

Basi wenye ofisi, wenye vyuo na wenye magazeti wanaotaka picha ya barua yao ionekane, na waiweke. Chini yake wayaandike maneno yale yale kwa herufi, mstari kwa mstari, na jina la kila aliyemo katika orodha. Barua ya ukurasa mmoja haifiki kilobaiti tatu, na aliyeiandika mara ya kwanza kwa mashine bado anayo.